Mchezaji wa kulipwa: analipwa na nani, na kwa kazi gani?

Msimamo wa ligi ya voliboli ya Kenya unasomeka kama orodha ya waajiri. Magereza, Pipeline ya kusafirisha mafuta, KCB ya benki. Upande wa wanaume kuna GSU ya polisi, KPA ya bandari, na Equity, ambayo ni benki tena. Mgeni aliyezoea kandanda atauliza timu zenyewe ziko wapi. Ndizo hizo. Ukivuka mpaka, hadithi haibadiliki sana: Rwanda kuna APR ya jeshi, REG ya umeme na RRA ya watoza kodi, Tanzania kuna Magereza, JKT na Jeshi Stars.

Mzazi mmoja aliwahi kunishika mkono pembeni mwa uwanja, kwenye michezo ya shule za sekondari, binti yake akiwa ametoka kupiga mipira mitatu mfululizo ambayo hakuna aliyeigusa. "Mwalimu," akasema, "huu mpira utamlisha?" Nikamjibu ndiyo, upesi, kama mtu aliyeulizwa njia ya sokoni. Usiku ndipo nikagundua kwamba sikumjibu kitu. Utamlisha kwa mshahara wa nani? Kwa miezi mingapi ya mwaka? Na siku goti likigoma, je?

Tunasema "mchezaji wa kulipwa" kana kwamba ni kazi moja yenye sura moja. Kwenye mpira wa wavu, maneno hayo matatu yanaficha mambo kadhaa yasiyofanana hata kidogo, na anayetaka kuyaelewa hana budi kuacha kutazama jezi na kutazama karatasi ambayo mchezaji ametia sahihi.

Tuanze na karatasi ya nyumbani. Msichana anang'ara katika shule kama Kwanthanze ya Machakos, Mukumu au Lugulu za magharibi, au Kesogon ya Trans Nzoia. Makocha wa klabu kubwa hawamkosi, kwa sababu michezo ya shule ndiyo soko lao. Anachopewa akimaliza kidato cha nne, mambo yakimwendea vizuri, ni barua ya kazi. Akichukuliwa na Magereza atapitia mafunzo ya uaskari kama kuruta mwingine yeyote, kwata na yote yake, pale chuoni Ruiru, kisha atatoka konstebo. Akichukuliwa na benki atakuwa mfanyakazi wa benki. Hati yake ya mshahara itaonyesha cheo, posho ya nyumba na makato, na mahali popote haitataja kwamba mtu huyu ana uwezo wa kuning'inia hewani juu ya wavu wa mita 2.24 na kuamua mpira utue wapi.

Wengi hulidharau jambo hili. Utawasikia wakisema wachezaji wetu si wa kulipwa, ni wafanyakazi wanaocheza. Mimi nadhani wanaharakisha. Mfanyakazi wa benki anayeumia Februari anapata mshahara wa Machi. Akipata ujauzito, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na akirudi kazi yake ipo. Siku miguu ikichoka, anavua pedi za magoti na kubaki na kiti chake ofisini. Kuna nyota wa Ulaya wangelipia bima ghali kupata hayo.

Ila karatasi hiyo ina ubahili wake. Mshahara wa daraja la kazi haujui kipaji. Mpigaji anayeibeba timu na mwenzake anayeingia mara moja kwa mwezi, wakiwa na cheo kimoja, wanalipwa sawa. Tofauti hutokea kwenye posho, bonasi ya ubingwa, pengine kupandishwa cheo kombe likirudi nyumbani. Na makombe yamerudi kweli: Pipeline, Magereza na KCB wote wamewahi kuwa mabingwa wa vilabu vya Afrika, na timu ya taifa, Malkia Strikers, ilitwaa ubingwa wa bara kwa mara ya 10 kule Yaoundé mwaka 2023. (Magazeti yetu yangali yanawaita "vipusa". Sijaona gazeti likimwita mchezaji wa GSU kipusa.)

Anayedhani mfumo huu ni umaskini wa Kiafrika akumbushwe mji wa Kaizuka, karibu na Osaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na kiwanda cha nguo cha kampuni ya Nichibo, na kiwanda hicho kilikuwa na timu ya wasichana. Walifanya kazi tangu asubuhi kama wafanyakazi wengine, kisha alasiri wakaingia ukumbini, na kocha wao, Daimatsu Hirobumi, naye mwajiriwa wa kampuni hiyo hiyo, akawachezesha hadi usiku wa manane. Aliwarushia mipira mpaka wakabuni namna ya kuidaka wakibiringika sakafuni na kusimama tena kwa mwendo mmoja. Voliboli ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Tokyo 1964, ikiwa pia mchezo wa kwanza wa timu kwa wanawake katika historia ya Olimpiki, kikosi cha Japani kilikuwa karibu chote ni cha kiwanda hicho. Waliifunga Muungano wa Kisovyeti seti 3-0 kwenye mchezo wa mwisho. Dunia iliwaita wachawi wa Mashariki. Nahodha wao, Kasai Masae, alikuwa ametimiza miaka 31 bila kuolewa kwa sababu ya mazoezi, na baada ya medali ile Waziri Mkuu Sato Eisaku mwenyewe akawa mshenga wake. Bonasi ya namna hiyo sijaiona kwenye mkataba wowote wa siku hizi.

Sasa twende Istanbul, kwenye baadhi ya vilabu tajiri kuliko vyote vya voliboli ya wanawake. Fenerbahçe unaijua kwa kandanda. Lakini VakıfBank ni benki. Eczacıbaşı ni kampuni iliyojengwa juu ya dawa za hospitali. Türk Hava Yolları ni shirika la ndege. Kwa wenye timu, basi, Istanbul na Nairobi ni ndugu. Kinachotofautiana ni karatasi. Mchezaji wa VakıfBank hapangiwi kaunta ya kuhudumia wateja. Ametia sahihi mkataba wa kucheza, wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na siku ya mwisho ikifika hana deni na benki wala benki haina deni naye.

Mkataba wa namna hiyo husomwa kwa uangalifu, kwa sababu namba ya kwanza inadanganya. Msimu wa vilabu Ulaya huanza mnamo Oktoba na kumalizika Aprili au Mei, na mchezaji hulipwa kwa msimu. Chukua mfano wa kujitungia, wa ligi ya kawaida na si ya mabingwa: dola 2,000 kwa mwezi kwa miezi minane. Hizo ni 16,000. Tuseme wakala anachukua asilimia 10, zinabaki 14,400. Gawanya kwa miezi 12, maana tumbo halijui msimu, unapata 1,200. Bado kodi, bado wa nyumbani. Kwa hiyo wajuzi huuliza kwanza mambo ambayo hayana tarakimu: nyumba ni ya klabu au yangu? Tiketi ya ndege ni ya kwenda tu au na kurudi? Nikiumia, nani anagharamia upasuaji, na mshahara unaendelea mpaka lini? Klabu ikishuka daraja au ikikosa mdhamini, je? Vilabu vidogo huyumba katikati ya msimu, na mchezaji wa kigeni mwenye mishahara miwili isiyolipwa, katika mji ambao lugha yake hajaijua, ni mtu mpweke sana.

Hapa wapenzi wa kandanda hukwama kidogo. Wanauliza: ameuzwa kwa bei gani? Kwa kawaida hajauzwa. Mikataba mingi ya voliboli ni ya msimu mmoja au miwili, hivyo klabu inayomtaka mtu husubiri tu mkataba uishe, ikamchukua. Fedha nono zinazopita kati ya klabu na klabu kwenye kandanda, na ambazo ndizo zinazofanya akademia za vijana ziwe biashara, huku hazipo kwa kiwango hicho. Shule ya kijijini iliyomfundisha mtoto kuruka haingoji hundi yoyote kutoka Uturuki.

Kingine wasichoambiwa vijana ni kwamba soko la nje halitafuti wachezaji wote kwa usawa. Ligi nyingi huweka kikomo cha wageni. Klabu yenye nafasi chache za wageni haitazitumia kumleta libero, yule mwenye jezi ya rangi tofauti anayecheza nyuma na haruhusiwi kushambulia mpira ulio juu ya wavu, hata awe hodari vipi. Libero wa nyumbani watampata. Seta, yule anayewapangia wapigaji mipira, naye ana shida ya ulimi: ndiye ubongo wa timu, anazungumza na kila mtu kati ya mpira na mpira, na asiyejua lugha ya wenzake hukwama. Mgeni analetwa afunge. Akienda, atapewa mipira mibovu yote, ile ambayo pokezi yake imeharibika na seta hana pengine pa kuipeleka, na atatakiwa aigeuze pointi. Sharon Chepchumba, aliyekwenda Aris ya Thessaloniki huko Ugiriki, ni mpigaji. Haikuwa bahati mbaya.

Kabla ya kugusa mpira huko, kuna hati nyingine, na hii imewaliza wengi. Watu wa voliboli huiita ITC, hati ya uhamisho wa kimataifa. Bila hiyo, mkataba wako ni karatasi ya kufungia maandazi. Hutolewa chini ya FIVB, shirikisho la dunia lenye makao Lausanne, na inapita kwa shirikisho la nchi unakokwenda, kwa klabu unayoiacha kama bado ina haki nawe, na kwa shirikisho lako la asili, lile la nchi ambako uliandikishwa kwanza. Shirikisho la asili linakufuata popote: ukihama Ugiriki kwenda Ufaransa, bado Nairobi au Dar es Salaam lazima wahusike, na wana ada yao. Askari au mfanyakazi wa benki ana mlango mwingine wa kubisha, wa mwajiri, ampe ruhusa ya kuondoka miezi minane. Ruhusa ikikataliwa, anachagua kati ya msimu mmoja wa Ulaya na ajira ya kudumu. Nimewasikia watu wakiwacheka waliochagua kubaki. Warudi kwenye ile hesabu ya 1,200.

Kisa cha Kim Yeon-koung wa Korea Kusini ndicho kinachonisaidia kueleza uzito wa hati hii. Alijiunga na klabu ya Heungkuk Life, kampuni ya bima, mwaka 2005. Kanuni ya ligi ya Korea ilitaka mchezaji amalize misimu sita ndipo awe huru kuchagua klabu. Kim alicheza minne nyumbani, kisha akapelekwa kwa mkopo Japani, halafu Fenerbahçe. Mwaka 2012 akasema mkataba wake umekwisha, yeye ni mtu huru. Klabu ikasema misimu ya mkopo haihesabiki, kwa hiyo bado ni mchezaji wao. Angalia wakati wenyewe: mwaka huo huo Fenerbahçe ilikuwa imetwaa ubingwa wa Ulaya yeye akiwa ndiye mchezaji bora, na kwenye Olimpiki ya London alifunga pointi 207 na kutajwa mchezaji bora wa mashindano, ingawa Korea ilimaliza ya nne na kukosa hata shaba. Mchezaji bora wa dunia nzima, na hakuna aliyekuwa na hakika kama ataruhusiwa kucheza wiki ijayo. Mzozo ulifika hadi kwa wanasiasa wa Seoul, na mvutano ukaendelea FIVB kwa muda mrefu. Alibaki Uturuki, akaichezea Fenerbahçe hadi 2017. Kisha, ajabu ya walimwengu, akarudi Heungkuk, na ni kwa jezi hiyo alipostaafu mwaka 2025, akiwa bingwa.

Lakini kama kuna nchi inayovuruga kabisa maana ya neno "kulipwa", ni Italia. Ligi yake ni miongoni mwa bora duniani, kumbi zinajaa, nyota wa kila bara wanapigania kufika huko. Hata hivyo, kwa sheria ya mwaka 1981, michezo michache tu ilitambuliwa kuwa ya kulipwa, kandanda na mpira wa kikapu ikiwamo, na voliboli haikuwamo. Yule nyota mwenye mkataba mnono alikuwa, mbele ya sheria, mchezaji wa ridhaa. Watu walicheka mpaka mwaka 2021, habari za Lara Lugli zilipotoka. Alikuwa akichezea klabu ya Pordenone, akapata ujauzito mwaka 2019, mkataba ukavunjwa. Alipodai mshahara wa mwezi aliokwisha kuufanyia kazi, klabu ikamgeuzia kibao: ikadai fidia kwake, kwa hoja kwamba alificha nia ya kuzaa na kuondoka kwake kuliiharibia timu msimu. Italia ikawaka, na klabu ikaiacha kesi. Marekebisho yaliyoanza kutumika Julai 2023 yamemtambua mwanamichezo kama mfanyakazi, awe wa kulipwa au wa ridhaa.

Ziweke karatasi hizi mbili mezani. Mwitaliano anaishi kwa voliboli asubuhi hadi usiku, na sheria ilimwita mtu anayejifurahisha. Mkenya wa benki ana likizo ya uzazi, na hati yake haijui kama anacheza. Nani hapo ni wa kulipwa?

Marekani ilikuwa na kichekesho chake. Mechi ya vyuo vikuu iliyochezwa Nebraska tarehe 30 Agosti 2023, ndani ya uwanja wa mpira wao wa Kimarekani, ilihudhuriwa na watu 92,003. Wachezaji wale wale, wakishahitimu, walilazimika kupanda ndege kwenda Uturuki au Italia kutafuta riziki, kwa kuwa nyumbani ligi ya kulipwa ya msimu mzima haikuwapo. Ligi za namna hiyo zimeanza juzi tu, moja Januari 2024 na nyingine Januari 2025.

Nimesema mengi kuutetea mfumo wetu, kwa hiyo niseme na unapotuumiza. Mshahara upo, mechi hazipo. Ligi ya Kenya huchezwa kwa mikondo: timu hukutana ukumbini wikendi moja, zikacheza mfululizo, kisha kimya cha majuma. Mpolandi hucheza kila wiki, na wiki nyingine mara mbili, halafu msimu wa klabu ukiisha anaingia timu ya taifa na Ligi ya Mataifa, iliyoanza 2018, inayomzungusha dunia. Nilikaa jioni moja nikitazama mazoezi ya klabu yetu moja. Seta alikuwa amefunga vidole vitatu kwa plasta nyeupe, anaitengeneza kwa meno kila baada ya mpira. Mzuiaji wa kati aliruka, akatua, akaruka. Nilipoteza hesabu baada ya sitini. Kila kutua kunakwenda kwenye ile kano iliyo chini ya pia ya goti. Wanajituma, hilo halina ubishi. Ila mazoezi hayakufundishi kusoma mikono ya mtu anayekutaka kushindwa. Malkia Strikers walipokwenda Paris mwaka 2024, nahodha wao Triza Atuka akishika bendera ya taifa pamoja na Ferdinand Omanyala, walikutana na Brazil, Poland na Japani. Zote tatu zilikuwa 3-0.

Wengine hujitafutia mechi kwingine. Brackcides Agala, aliyejulikana ukumbini miaka mingi, alihamia voliboli ya ufukweni na, pamoja na Gaudencia Makokha, akaicheza kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Mchangani hakuna wa kubadilishana naye na hakuna mahali pa kujificha. Wakenya kadhaa nao wamekwenda Rwanda, karibu na nyumbani, lugha isiyowatisha, na ada ya kila msimu badala ya cheo.

Yule mzazi nilikutana naye tena mwaka uliofuata, kwenye foleni ya matatu. Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Nikaanza kumweleza habari za barua ya kazi na mkataba, miezi minane na kumi na miwili, hati ya uhamisho. Akanisikiliza kwa adabu mpaka gari likafika. Binti, akasema, ameshaitwa Ruiru, anaripoti wiki ijayo.

"Nilitaka kukuuliza kitu kimoja tu, Mwalimu. Hizo pedi za magoti, nimfungie kwenye sanduku, au kwenye kwata watamnyang'anya?"